ULIZA FUNDI: Ringi mpya, moshi ule ule

Mwezi huu barua nyingi ni za watu wanaotaka kufungua injini ya pikipiki wenyewe nyumbani, yaani upande wa juu tu, hedi, silinda, pistoni na ringi (zile pete nyembamba zinazoizunguka pistoni). Mimi nawaunga mkono kabisa. Hii kazi mtu makini anaiweza, vifaa vyake havitishi, ila kuna sehemu moja karibu kila mtu anairuka, na hiyo nimeipa nafasi kubwa kwenye barua ya kwanza.

Fundi shikamoo. Mimi ni bodaboda huku Kahama, natumia pikipiki ya Kichina ya sisi (cc) 125, injini ya pushirodi, nina nayo mwaka wa nne sasa. Ilianza kunywa oili, fundi akasema ringi zimeisha akabadilisha ringi tu nikamlipa, wiki mbili moshi umerudi vilevile na plagi inalowa. Nimechoka, nataka nifungue mwenyewe, spana ninazo na Jumapili nina nafasi. Ninunue nini na nianzie wapi? – Bodaboda, Kahama

Marahaba mdogo wangu, pole sana, hela ya ringi na siku ya kazi imepotea na moshi upo pale pale, inauma. Jibu la kwanza ni hili: usinunue kitu chochote bado. Hata ringi moja. Kwanza upime, halafu injini yenyewe ndiyo itakwambia inataka nini.

Kabla hujafungua angalia moshi unatoka lini. Kama unatoka muda wote, na ukivuta mafuta mlimani na abiria nyuma ndio unazidi, hizo ni ringi na silinda. Kama umeteremka mteremko mrefu umeachia mafuta, ukivuta tena ndio linatoka wingu la bluu alafu linakata, hapo wa kwanza kushukiwa ni sili za valvu. Moshi mweusi sio oili, hiyo ni petroli nyingi, angalia kabureta na eya klina. Ule mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto ni mvuke tu usikusumbue. Alafu fanya hivi: toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, rudisha plagi, piga kiki. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo ujue upepo ulikuwa unapita kwenye ringi, ikibaki nyepesi vilevile basi unapita kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Sasa kufungua. Fanyia nje kwenye hewa, mbali na jiko, na vyuma osha kwa mafuta ya taa sio petroli. Osha injini kwa nje kwanza mpaka ing'ae, kwasababu mchanga mmoja ukidondoka ndani ya injini iliyo wazi utasaga kila kitu ulichonunua. Mwaga oili, toa tangi, kabureta, sailensa, kisha kava ya juu. Zungusha magneti mpaka pistoni iwe juu kabisa na roka zote mbili (vile vyuma vinavyobonyeza valvu) zinacheza kidogo kwa mkono. Legeza nati za hedi kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja ndio uende nyingine, hedi inapinda. Pushirodi, vile vijiti virefu vinavyosukuma roka, ukizitoa zichomeke kwenye boksi la karatasi uandike ipi ya wapi, na piga picha na simu kila hatua, picha 30 hazikugharimu kitu.

Silinda ikianza kupanda ziba mdomo wa krenki, lile tundu la chini ya silinda, kwa kitambaa safi kabla hujagusa klipu ya pini ya pistoni. Klipu ikichomoka inaruka, ikiangukia kule chini Jumapili yako imeisha.

Hapa ndipo penyewe. Chukua ringi ya juu, iweke ndani ya silinda peke yake bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, ipeleke mpaka chini kabisa ya silinda ambako ringi huwa hazifiki. Pima uwazi kati ya ncha mbili za ringi kwa fila geji, vile vyuma vyembamba vinavyofunguka kama kisu cha kukunja, kwenye maduka ya spea havina bei kubwa. Andika namba. Sasa ipandishe ringi hiyohiyo mpaka sentimita moja hivi kutoka juu, pale ambapo silinda inachoka zaidi, pima tena. Tofauti ya hizo namba mbili gawa kwa 3.14 na jibu ndio kiasi silinda ilivyopanuka. Mfano chini umepata 0.25 na juu umepata 0.60, tofauti ni 0.35, ukigawa unapata kama 0.11 ya milimita. Kwa injini ndogo kama hii ikishafika 0.10 silinda imekwisha, ringi hata uzinunue kila Ijumaa moshi hauondoki.

Na hicho ndicho nadhani kilikupata wewe. Silinda ikichoka haichoki duara, inachoka zaidi mbele na nyuma kule pistoni inakosukumwa, inakuwa kama yai. Ringi mpya ni duara. Ukiweka duara ndani ya yai inagusa sehemu mbili tu, kwingine oili inapita inaungua, ndio maana ukapata nafuu wiki mbili. Pitisha na kucha ndani ya silinda kuelekea juu, ikikwama kwenye kaukingo karibu na mdomo hiyo ni alama nyingine ya kuchoka, na mikwaruzo ya wima ambayo kucha inaisikia inahukumu silinda hapohapo bila hata kupima.

Kitu kingine usikiruke, shika konirodi, ule mkono unaobeba pistoni, ivute juu na chini huku krenki ukiwa umeishikilia konirodi ikiwa juu. Kutikisika pembeni kidogo ni kawaida, lakini ikicheza juu-chini hata kidogo beringi ya krenki imekwisha na lazima injini ishuke yote. Usiweke pistoni mpya juu ya krenki mbovu, nakuomba.

Ukishapima unachagua. Silinda ikiwa nzima, chini ya 0.05 hivi, haina mikwaruzo, weka ringi mpya na sugua ukuta wa silinda kwa msasa laini wenye oili, mkono uende mshazari huku unazungusha ili ibaki mistari inayokatana kama wavu, ile mistari ndio inashika oili na kukalisha ringi. Ikiwa imechoka una njia mbili, uichonge uweke pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, au ununue silinda mpya na pistoni yake. Kwa hizi za 125 silinda nzima zinapatikana kila mahali, soma namba kwenye injini, kama imeandikwa 156FMI basi ile 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo (kwa hakika ni 56.5), F ni ya kupoa kwa upepo, M ni pikipiki, I ni sisi 125. Hizi zimeiga Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ndio maana spea zake zinaingiliana sana.

Ukishasugua osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga na brashi. Watu wananibishia hapa kila siku. Petroli inaondoa mafuta lakini unga wa msasa unabaki kwenye vitundu vya chuma, sabuni ndiyo inayouinua. Kausha, pitisha kitambaa cheupe chenye oili, kikitoka na weusi rudia kuosha, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, na papohapo paka oili kwasababu chuma hicho kinashika kutu unakiangalia.

Kurudisha: alama ya IN kwenye kichwa cha pistoni iangalie upande wa kabureta. Ringi zenye maandishi, maandishi yaangalie juu. Ringi ya oili ndiyo inaanza, ile springi kwanza alafu zile nyembamba mbili, kisha ya pili, kisha ya juu, na nafasi za ncha zitawanye ziachane kama pembe tatu, zisipangane kwenye mstari mmoja. Klipu za pini weka mpya, zote mbili, siku zote. Nilipokuwa najifunza kazi nilirudisha klipu ya zamani kwasababu ilionekana nzima, siku ya nne ikachomoka ikachimba mfereji kwenye silinda mpya ya mteja aliyekuwa ameikopea hela. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya pale na bado nikishika klipu namkumbuka yule mzee.

Nati za hedi kaza kwa msalaba, kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho tumia toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ukifuata namba ya kitabu cha pikipiki yako. Kama huna, azima gereji ya jirani kwa nusu saa, wengi hawakatai.

Asalaam aleikum fundi. Niko Likoni, pikipiki yangu ni 150 injini imeandikwa 162FMJ. Nimeshafungua mwenyewe na silinda ina mikwaruzo. Fundi wa kuchonga ataka nimpelekee silinda peke yake, asema ataichonga 0.50 kisha nitafute pistoni ya saizi hiyo. Ni sawa? – Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana, sio sawa, na ni vizuri umeuliza kabla hujampa. Nunua pistoni kwanza, ndio umpelekee pistoni na silinda pamoja. Pistoni iliyoandikwa 0.50 ya kampuni hii na ya kampuni ile hazilingani sawasawa, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda ni ndogo sana, milimita 0.02 hadi 0.04. Fundi akichonga kwa kukisia, ikibana sana pistoni ikipata moto inatanuka inashika, injini inanoki ukiwa katikati ya barabara. Ikilegea sana inagonga kama inayodai kitu na moshi unarudi. Kwahiyo mwambie apime sketi ya pistoni kwa maikromita, pale chini sio kichwani, achonge kufuata hiyo.

Usianze na 0.50 kwa mazoea pia. Ovasaizi zinaenda 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kila ukiruka moja umepunguza maisha ya silinda, sasa kama mikwaruzo ni midogo muulize kama 0.25 itaifuta. Na akimaliza kuchonga muulize kama amepiga honi, yaani kuusugua ukuta wa silinda kwa mawe ya msasa, ukiangalia ndani uone ile mistari inayokatana. Ukuta unaong'aa kama kioo ringi hazikai.

Kwenu huko upepo wa bahari ni mkali, silinda ukiitoa kwa fundi ipake oili palepale ifunge kwenye nailoni, usiilaze wazi hata usiku mmoja.

Habari fundi. Nimerudisha kila kitu mwenyewe, ringi mpya, gasketi mpya, sasa kiki inaenda nyepesi kama hakuna kitu ndani na haiwaki kabisa. Nimeharibu nini? – Kijana anayejifunza ufundi, Dodoma

Nzuri mdogo wangu, inawezekana hujaharibu kitu. Cha kwanza kushukiwa ni valvu ulizoziseti zikabana kupita kiasi, au umeziseti pistoni ikiwa juu lakini kwenye raundi isiyo yake. Pistoni inafika juu mara mbili, mara moja inabana upepo ili iwake na mara nyingine inatoa moshi, na alama ya T kwenye magneti inaonekana mara zote mbili. Ukiseti kwenye ile ya kutoa moshi nafasi unayopima sio ya kweli, na valvu zikibana kupita kiasi zinabaki wazi kidogo, upepo wote unatoka.

Toa kava ya juu, zungusha mpaka T ikae sawa, shika roka mbili kwa vidole. Zote zinacheza kidogo? Hapo ndipo. Moja imebana? Zungusha raundi moja nzima ushike tena. Kisha fila geji ya 0.08 ipite kati ya roka na mguu wa valvu kwa kusuguasugua, kama unavyovuta karatasi chini ya kitabu, isipite bure na isigome. Hiyo 0.08 ni ya Honda CG125 injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, sio imetoka kuzimwa.

Ikigoma bado, toa hedi. Igeuze, plagi ikiwa imefungwa mahali pake, mimina petroli kidogo kwenye tundu la kabureta kisha tundu la sailensa, tazama kwenye valvu kwa ndani kama kuna tone linapita. Likipita valvu haifungi, itabidi uisage: dawa ya kusagia kidogo tu kwenye ukingo, kijiti chenye kikombe cha mpira, unazungusha huku na huku kama unavyochezea ufito mikononi, unainua, unageuza robo, unarudia, mpaka ubaki mduara mmoja wa kijivu usiokatika. Ukiona mduara umekatika hata sehemu ndogo endelea. Kazi hii inachosha mikono lakini ukishaiona valvu imeshika petroli dakika tano haijatoa tone utaipenda. Dawa yote ioshe, ni msasa ule.

Fundi, mimi ni mama niko Muleba, nina pikipiki moja nimempa kijana kwa mkataba. Ndani ya mwaka huu amenirudia mara mbili akisema injini imeisha ringi, na mimi sijui chochote kuhusu injini. Nitajuaje kama ni kweli? – Mama mwenye pikipiki

Mama shikamoo. Kitu cha kwanza, ukiambiwa ringi zimebadilishwa omba zile za zamani, zote, na pistoni kama imebadilishwa. Fundi mwaminifu hawezi kukataa, vyuma ni vyako. Na muulize swali moja tu: silinda umepima umepata ngapi? Akijibu kwa namba sawa, akijibu kwamba ameiangalia kwa macho basi hajui kama ringi zitakaa.

Lakini usimhukumu yule kijana haraka. Barabara za vumbi zinaua ringi kuliko kitu chochote, na njia ya vumbi kuingia ni eya klina. Iombe uione. Kama sponji imechanika, au imetolewa kabisa ili pikipiki "ipumue", basi injini inameza mchanga kila kilomita na hata ungefungua injini mara tatu kwa mwaka haitasaidia. Pia oili: injini hizi zinabeba kama lita moja tu, ikipungua nusu lita umebakiza nusu ya kinga. Mkubaliane aangalie kijiti cha oili kila asubuhi kabla hajawasha na akutumie picha, sio kwa kumchunga bali kwasababu pikipiki inawalisha wote wawili.

Na injini ikifunguliwa mara nyingine wafungue na kava la upande wa klachi wasafishe lile sinia la chujio linalozunguka. Injini hizi nyingi hazina chujio la karatasi, uchafu wote na chenga za chuma zinagandia pale kama tope jeusi. Ukiweka pistoni mpya ukaacha tope lile uchafu wa zamani unaweza kurudi kwenye pistoni mpya.

Mkuu, naweza kupaka siliko kwenye gasketi ya hedi ili isivuje? Na gasketi ya zamani ikiwa haijachanika inaweza kurudi? – Msomaji, Eldoret

Hapana kwa yote mawili. Gasketi ya hedi ikishabanwa imeshabonyea, hairudi. Siliko nyingi inakatika vipande inaingia kwenye njia ya oili inaziba. Kama hedi inavuja hata na gasketi mpya basi imepinda, iweke juu ya kioo kinene, jaribu kupitisha fila geji ya 0.05 pembeni, ikipita weka msasa juu ya kioo hichohicho usugue hedi kwa mwendo wa namba 8 mpaka rangi iwe moja kote.

Fundi nimemaliza injini jana inaunguruma vizuri sana nashukuru makala zako. Nibebe abiria lini? – Bodaboda, Morogoro

Hongera sana kaka, nimefurahi kwa kweli. Kesho bado. Ringi mpya zinakaa kwa kusukumwa na moto wa injini inayofanya kazi ya wastani, kwahiyo usiiache inaunguruma bure saa nzima kijiweni na usiibane pia. Siku ya kwanza zunguka mwenyewe, panda mwendo shuka mwendo, usishike spidi moja muda mrefu, simama ipoe, endelea. Oili ile ya kwanza imwage baada ya siku hiyo moja, utaona inametameta, ni chuma laini kinachotoka, usiogope. Baada ya hapo beba abiria mmoja kwenye njia za tambarare, mishikaki na magunia acha mpaka kilomita 500, na ukifika hapo mwaga oili tena.

Oili iwe ya pikipiki, angalia chupa imeandikwa JASO MA, kwasababu klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo na baadhi ya oili za gari zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze, utadhani injini haina nguvu kumbe ni klachi. 20W-50 kwa joto la Morogoro inafaa.

Na kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla hujawasha, rudia kukaza nati za hedi kwa msalaba kwa namba ileile ya kitabu, alafu pima valvu upya, gasketi mpya ikipata moto mara ya kwanza inakaa chini kidogo na nafasi ya roka inabadilika nayo.